Bawabu Msahaulifu

Siku kazi ya Svatava Hanáková ilipokubaliwa, wenzake wa ofisini walimletea keki ya mbegu za mpopi na kumtania mpaka akaanza kutamani ingekataliwa.

"Mabibi na mabwana," alisema Zbyněk wa meza ya pili, mwanamume mwenye tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi, "mbele yenu amesimama mwanamke aliyekaa majira mawili ya baridi akizozana na dunia nzima kuhusu swichi. Swichi! Watu wengine wangeolewa."

"Na wewe uliyeoa mara mbili umepata swichi gani?" alimjibu Svatava, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja tu, maana wenyewe wakianza kuieleza hawanyamazi. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayozitawala nyingine zote, wao huiita kiini, na ndani ya kiini kuna bawabu. Kila ujumbe unaoingia au kutoka mtandaoni hupita mbele yake. Bawabu huyu ana kumbukumbu: huyu alitoka kwenda kuzungumza na fulani, basi yanayopita kati yao nitayaruhusu. Ila wakinyamaza kupita muda fulani, anawafuta kichwani. Mmoja wao akifumbua tena mdomo, bawabu humkodolea macho kama hajawahi kumwona, na kumfungia mlango. Muda huo wa kuvumilia ukimya una swichi yake, na mwenye kompyuta huuweka mrefu au mfupi apendavyo.

Sasa, kompyuta za siku hizi hukatwa vyumba. Mashine ni moja, lakini kila kilichomo ndani ya chumba chake hujiona kina nyumba nzima peke yake. Shida ilikuwa kwamba swichi ya bawabu ilikuwa moja tu, sebuleni, na vyumba vyote viliifuata vitake visitake. Svatava ndiye aliyekipa kila chumba swichi yake. Hilo hakuna aliyelipinga. Ugomvi ulikuja kwenye jambo moja: chumba kikizaliwa, swichi yake ianzie wapi? Irithi ilivyo ya sebuleni, au ianze na muda wa kiwandani, kana kwamba hakuna aliyewahi kugusa kitu?

Svatava alisimama na la pili. "Mtoto hazaliwi na madeni ya babake," aliandika, na sentensi ile ikapendwa.

Aliiandika hadharani, kwa barua pepe, kwa sababu ndivyo wanavyoishi waandishi wa kiini. Wametapakaa kila nchi, wengi hawajawahi kuonana, na kila mmoja ana ruhusa ya kukuambia umekosea mbele ya wengine wote. Aliyekuwa hasadiki ni mzee Roelof, Mholanzi, ambaye alimwandika yule bawabu wakati Svatava bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Roelof hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituma mstari mmoja: "Na yule aliyeweka swichi yake sebuleni zamani akajisahaulia, ukishabadilisha ataamka na nini?"

Svatava aliusoma, akausoma tena, asione mzee anataka nini. Mtu gani huyo? Anaweka swichi, anasahau, kisha anaamka? Alimtafuta kichwani mtu wa namna hiyo hakumpata. Mwishowe alimjibu: "Mtu huyo ni nani? Mleteni tumwone." Alijiona amepiga penyewe. Roelof hakujibu, na kwao aliyeulizwa akanyamaza huhesabiwa ameridhia.

Msimamizi mwingine aliuliza tu lile wanalouliza siku zote: umeijaribu wapi? Maana ni desturi yao pia kwamba mpishi huonja kabla ya mgeni. Svatava alijibu bila kusita: "Kwenye kompyuta ya nyumbani kwa baba yangu, tangu Krismasi. Hajalalamika mtu." Kazi ikapokelewa.

Keki ilikuwa bado mdomoni simu ilipolia. Alikuwa dada yake, Květa.

"Baba ameanguka," Květa alisema. "Yuko hai. Lakini njoo."

*

Mzee Oldřich Hanák alikuwa na miaka sabini na tisa, na nyumba yake huko Lhotka, kusini kabisa mwa nchi, ilikuwa imepakana na mizabibu aliyoipanda mwenyewe. Nyuma ya nyumba, ndani ya kilima, kulikuwa na ghala la divai lililochimbwa na babu yake. Asubuhi ile alishuka kwenda kuonja pipa, akateleza kwenye ngazi za mwisho, akabaki chini hapo kwenye baridi mpaka jioni, jirani yake Vlasta alipokuja kurudisha bati la kuokea akamsikia akipiga ukuta kwa chupa. Hakuvunjika. Kifundo cha mkono kilivimba, nyonga ikawa ya zambarau, na hospitali ikamshikilia siku mbili kisha ikamwachia arudi nyumbani.

Lakini kulikuwa na kitufe. Hapo ndipo penye kisa. Mama yao alipofariki, Květa alitaka kumchukua baba papo hapo. Svatava alimtetea, wakalia, wakapatana: baba atabaki nyumbani kwake, atavaa kitufe chekundu shingoni, na siku atakapoanguka akashindwa kukibonyeza, mjadala umekwisha, anahamia makao ya wazee. Mzee mwenyewe aliliapia hilo, mkono juu ya meza ya jikoni. Na sasa kituo cha dharura kilikuwa kimesema waziwazi: siku ile hawakupokea wito wowote kutoka nyumba ya Hanák.

"Nilibonyeza," alisema mzee.

Walikuwa wamekaa jikoni watatu, wote na sapatu za ndani, mzee amevaa koti lake zito ingawa jiko lilikuwa linawaka.

"Baba, ulibonyeza vipi?" aliuliza Květa. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na sauti ya kazini haikuwa ikimtoka hata Jumapili.

"Kwa kidole. Ulitaka nibonyeze kwa pua?"

"Ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na yule mama wa kituo hakujibu?"

"Niko ghalani, nitamsikiaje? Anajibu huku jikoni. Nilibonyeza, nikakaa nikingoja waje. Hawakuja. Nikabonyeza tena. Ndiyo hivyo."

Květa alimtazama mdogo wake. Svatava alijua zamu yake imefika, maana njia yote ya wito ule alikuwa ameijenga yeye. Kitufe kilikiita kisanduku cheupe kilichokuwa karibu na jiko. Kisanduku kilikuwa kimeshika mazungumzo na kituo cha dharura, mazungumzo ya kimyakimya yasiyokatwa, kama mtu aliyeshika simu sikioni bila kusema neno. Na mazungumzo hayo yalipita kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati, ambayo Svatava aliikata vyumba kwa mikono yake: kimoja cha televisheni, kimoja cha Vlasta jirani aliyekuwa akigawiwa intaneti, na kimoja cha kile kisanduku.

"Ulipoingia sasa hivi ulikikuta vipi?" alimwuliza Květa.

"Kilikuwa na taa nyekundu. Nikakichomoa, nikakichomeka. Ikawa kijani."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ndivyo unavyoniambia siku zote? Chomoa, chomeka?"

Svatava aliinuka. Alimvua baba kitufe, akashuka nacho mpaka kwenye ngazi ya mwisho ya ghala, palepale penye alama ya kiatu cha babake kwenye ukungu wa sakafu, akabonyeza. Alisikia kelele kutoka juu. Alipopanda alimkuta Květa anaomba radhi mbele ya kisanduku, na sauti ya mama wa kituo inasema hakuna shida, majaribio ni jambo jema.

Alijaribu kutoka bustanini. Kikafanya kazi. Alijaribu chooni, mlango umefungwa. Kikafanya kazi. Alimpa baba mwenyewe, mkono wa kushoto, kisha wa kulia uliovimba. Kila mara sauti ilitoka, na kila mara ikawa na subira kidogo kuliko awali. Alipanda juu ya kiti, akaunganisha laptopu kwenye kompyuta ya kabatini, akatazama swichi ya bawabu, ile ya sebuleni mwa kompyuta. Ilikuwa palepale alipoiacha miaka minne nyuma, ndefu, siku nzima ya ukimya. Akaridhika, akashuka.

Mtacheka baadaye. Wakati ule hakuna aliyecheka.

"Kinafanya kazi," alisema Svatava polepole.

"Basi," Květa alisema. "Kinafanya kazi."

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu wa mapipa na mikasi ya kukatia matawi, na katika nyumba ile neno la Svatava kuhusu mashine lilikuwa kama neno la daktari.

"Huenda uliazimia kubonyeza," Květa alimwambia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Baridi, mshtuko. Mtu anaweza kudhani amefanya jambo. Labda ulishika kifungo cha koti."

"Kifungo cha koti?"

"Kiko palepale kifuani, baba."

Mzee alipeleka mkono kifuani. Alikigusa kitufe chekundu, kisha akagusa kifungo cheusi cha koti, kisha akarudi kwenye kitufe. Uso wake ulibadilika. "Kilikuwa baridi," alisema. "Nakumbuka kilikuwa baridi. Sijui... cha koti nacho si kingekuwa baridi?"

Svatava aliona jambo lile na likamchoma. Alitaka kusema, baba, nakuamini. Lakini hakuwa anamwamini. Alikuwa amekijaribu kitu kwa macho yake, na kitu kilikuwa kizima.

*

Makao ya wazee ya Břeclav yalikuwa na nafasi, na yangemshikia mpaka Ijumaa. Květa alirudi kazini. Svatava aliomba likizo, akabaki Lhotka, akisema anakaa kumtunza baba. Ukweli ni kwamba alikuwa na kitu kinamkera kichwani na hakujua ni kitu gani.

Siku zile zilikuwa za kuchanganyikiwa nyumba nzima. Mzee hakulivua koti. Alikuwa anatembea jikoni akivigusa vifungo vyake kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini, kisha kitufe, kama anayejifunza upya kuvitofautisha. Aliweka chumvi kwenye chai, jambo ambalo angeweza kulifanya mwaka wowote maana alikuwa na haraka siku zote, lakini safari hii alisimama akakikodolea macho kikombe.

"Imeanza," alisema.

"Nini imeanza?"

"Hii ya kichwani. Marehemu shangazi yangu ilianza na chumvi."

"Baba, mimi nimewahi kuweka simu kwenye friji."

"Wewe ni msomi. Wasomi mnaruhusiwa."

Kila asubuhi Svatava alichomoa kisanduku na kukichomeka kwa mazoea, bila kutazama taa, akabonyeza kitufe, akabonyeza baada ya kahawa, akabonyeza kila alipopata wazo jipya. Alibadilisha betri akabonyeza. Alifunga madirisha ya chuma akabonyeza. Mama wa kituo alifika mahali pa kumwita kwa jina lake la nyumbani. "Sváťa, mpenzi," alisema sauti kutoka kwenye kisanduku, "kama mna upweke huko, semeni tu."

Alimpigia Zbyněk.

"Kitu kinachofanya kazi kila ukikijaribu," Zbyněk alisema, akitafuna, "kinaitwa kitu kizima. Kwenye vitabu vyote."

"Na baba anasema alibonyeza."

"Baba yako ana karibu miaka themanini na alikuwa anakwenda kwenye pipa au anatoka kwenye pipa?"

"Anakwenda."

"Hapo sasa umenichanganya na mimi."

Siku ya Alhamisi, karibu saa nne asubuhi, walikuwa wanamenya viazi. Svatava aliweka kisu chini, akanyoosha mkono kifuani kwa babake, akabonyeza. Sauti ikatoka, Svatava akasema samahani, sauti ikasema haya.

Mzee akatupa kiazi ndani ya sufuria, maji yakaruka.

"Kiache! Mnakibonyeza kama kengele ya baiskeli! Kila saa, kila saa! Mimi sijakigusa hicho kitu tangu Krismasi uliponiambia nikijaribu, kikakaa hapa shingoni kimya kama mfu, ndiyo sasa siku moja nikakihitaji. Ninyi hamjawahi hata siku moja kukiacha kikanyamaza!"

Svatava alibaki mkono hewani.

Kikanyamaza.

Mwanzo hakuelewa anachokielewa. Aliona tu mstari wa mzee Roelof umesimama mbele yake, na safari hii ulikuwa unasomeka. Yule aliyeweka swichi yake sebuleni zamani akajisahaulia. Nani aliyekaa kwenye meza hii hii miaka minne iliyopita, babake akikaanga vitunguu, akaweka swichi ya sebuleni kuwa siku nzima, kwa sababu kisanduku cha kitufe husalimiana na kituo mara chache sana kwa siku na bawabu asije akakisahau? Nani akaondoka, akasahau kwamba aliwahi kuweka? Kisha nani akaja Krismasi na kiini chake kipya, ambamo vyumba havisikilizi tena sebuleni?

Aliacha viazi, akapanda kitini, akafungua laptopu. Safari hii hakutazama sebuleni. Aliingia ndani ya chumba cha kisanduku chenyewe, akatazama swichi ya mle, swichi aliyoibuni yeye na kuigombania kwa majira mawili ya baridi. Ilikuwa na muda wa kiwandani. Saa mbili tu za ukimya.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Svatava alikuwa amekishona mwenyewe kwenye pindo.

"Baba," alisema kutoka juu ya kiti. "Kuanzia sasa mtu asiguse kitufe."

"Ndicho nilichokuwa nasema!"

*

Angeweza kuishia hapo, maana hesabu ilikuwa wazi. Lakini watu wa kazi ile hawaamini hesabu mpaka waone kitu kikivunjika mbele yao, na yeye alitaka mashahidi. Alimpigia Květa na kumwomba aje siku ileile badala ya Ijumaa. Květa akasema vizuri, anakuja na sanduku la nguo.

Wakakaa kungoja. Viazi viliiva wakavila na siagi na maziwa mgando. Mzee alimwuliza mara kadhaa wanangoja nini, na Svatava alimweleza kuhusu bawabu, na mzee akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo huyu bawabu, mtu akikaa kimya anamsahau."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyemwambia asahau upesi."

"Sikumwambia. Niliacha tu kumwambia asisahau."

"Hapo mimi sioni tofauti," alisema mzee, na Svatava, ambaye alikuwa ameandika kurasa nzima kuieleza dunia tofauti hiyo, hakuiona tena na yeye.

Květa aliingia saa saba kupita kidogo, akavua viatu mlangoni, akaweka sanduku tupu karibu na jiko. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa kila simu ilipolia.

"Mna nini?" aliuliza. "Mbona mmekaa kama mnangoja padri?"

"Baba," alisema Svatava, "bonyeza."

Mzee alipeleka mkono kifuani. Akasita, akatazama chini kuhakikisha ni kile chekundu, kisha akabonyeza.

Kisanduku kilitoa mlio wake mdogo wa kupokea. Kisha hapakuwa na sauti. Walingoja. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mzee akabonyeza tena, na tena hapakuwa na sauti. Akabonyeza mara ya tatu, taratibu, akikitazama kitufe kikizama chini ya kidole. Mama wa kituo, aliyekuwa ameitika kila walipotaka na wasipotaka, hakuitika. Baada ya muda mrefu taa ya kisanduku ikageuka nyekundu.

"Hakifanyi kazi!" mzee alipaza sauti, akainuka na nyonga yake mbovu. "Hakifanyi kazi! Hakifanyi kazi!"

Svatava alikuwa amemkumbatia, anacheka na kulia, na Květa amesimama na soksi zake pale jikoni asielewe kitu.

"Nyote wawili mmerukwa na akili? Kitufe kimekufa, ninyi mnashangilia?"

Svatava akamwachia baba. Akamweleza dada yake yote, kwa maneno mafupi, akimtazama usoni: kwamba kitufe hakikuwa na kosa, wala kisanduku, wala kituo. Kwamba kila walipokijaribu ndipo walipokiponya, maana kubonyeza ni kuzungumza, na anayezungumza hasahauliwi. Kwamba Květa alipokichomoa na kukichomeka siku ile, na yeye Svatava kila asubuhi, walifuta dalili ya mwisho bila kujua. Kwamba bawabu aliyemfungia baba mlango alifundishwa na yeye, Svatava, na mtu mmoja alimwuliza mapema naye akamjibu kwa kiburi.

Květa alilitazama sanduku tupu la nguo. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemlaza baba kwenye ngazi kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Na ukaja hapa ukamhoji kama mwizi. Mimi nawe. Tukamwambia ni kifungo cha koti."

"Ndiyo, dada."

Svatava alingoja matusi na alikuwa tayari kuyapokea yote. Lakini Květa alikuwa amegeukia upande wa baba. Mzee alikuwa ameketi tena, mikono juu ya meza.

"Nilibonyeza," alisema.

"Ulibonyeza, baba," alisema Květa.

"Niliona kabisa nabonyeza. Halafu mkaniambia... nikaanza kujiuliza, labda na mengine sikuyafanya. Labda mama yenu sikumzika."

Hapo Květa alilia kwa sauti, yule mwalimu wa darasa la pili, akapiga magoti kwenye sakafu, akaweka kichwa kwenye mapaja ya babake. Kisha akainuka, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akachukua simu yake.

"Unampigia nani?" aliuliza Svatava.

"Břeclav. Wampe mtu mwingine hiyo nafasi."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia baba ana akili zake zote. Asiyekuwa nazo ni mdogo wangu."

*

Svatava alirekebisha swichi ya chumba kile kabla ya kitu kingine chochote, akachomoa kisanduku na kukichomeka, wakakiacha kitufe kimya tena kupita muda ule, na jioni, kabla jua halijazama, wakabonyeza, na sauti ikatoka. "Karibuni tena," alisema mama wa kituo. "Leo mmenikosesha raha, mchana kutwa hamkupiga." Mzee alimsalimia kwa heshima na kumwahidi chupa.

Kisha Svatava alikaa mezani kuandika ile barua. Kumbukeni kazi ilikuwa imeshapokelewa. Baada ya wiki chache ingeanza kusambaa kwenye mashine zisizo na idadi, na mahali fulani, kwenye nyumba asizozijua, kulikuwa na watu walioweka swichi zao sebuleni zamani na kusahau. Aliandika waiondoe. Aliandika kwamba chumba kikizaliwa kirithi ya sebuleni, mpaka mwenyewe atakapoamua vingine. Aliandika mbele ya wote kwamba Roelof aliuliza swali la haki, na kwamba yeye alimwambia amlete mtu huyo wamwone, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Kuna desturi moja ya watu wale ambayo naipenda kuliko zote. Mwisho wa kila sahihisho huandika jina la aliyeligundua kosa, awe nani, awe wapi, na jina hilo hubaki ndani ya historia ya kiini siku zote, haliwezi kufutwa hata na wakubwa. Svatava aliandika: *Aliyeripoti kosa: Oldřich Hanák.*

Jibu la Roelof lilikuja wakiwa bado wanakula mkate. Lilikuwa na mstari mmoja, kama kawaida yake: "Nakubali. Msalimie aliyeripoti, na mwambie anisamehe kwa kunyamaza."

"Huyo ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni mtu aliyekuamini kabla yangu, baba. Na hakujui."

Mzee alivaa miwani, akataka asomewe barua yote kwa lugha ya nyumbani, tangu mwanzo. Svatava akamsomea. Sehemu za bawabu alizipitisha kwa kutikisa kichwa. Alipofika kwenye jina lake alimwomba arudie.

"Na umeandika kwamba nilibonyeza?"

"Nimeandika. Hapa: mtumiaji alibonyeza kitufe, wito haukufika."

"Umeandika mara ngapi?"

"Sikutaja, baba."

"Mara tatu," alisema mzee. "Andika mara tatu."

Barua ilikuwa imekwisha kwenda, kwa hiyo Svatava aliandika nyingine, fupi, chini ya ile ya kwanza, yenye sahihisho hilo tu, akaituma kwa wale watu wote wa kila nchi. Mzee alingoja mpaka akaambiwa imefika. Kisha akafungua vifungo vya koti lake, kutoka juu kwenda chini, akalivua na kulitundika nyuma ya mlango.